Pete Kwenye Kopo la Sukari

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa kufunga mafaili. Wengine wanapenda mpira, wengine wanapenda bustani. Yeye raha yake ilikuwa kuona faili limeingia kabatini na kufuli limebanwa. Asubuhi hiyo alilisukuma faili la mke wa mfamasia mpaka ukingoni mwa meza, kama mtu anayesogeza sahani baada ya kushiba.

"Mtu mzima," alisema. "Kaondoka kwa miguu yake. Nguo kachukua, begi kachukua, pete kaiacha. Unataka nini tena, Mama Pole?"

Jina hilo Inspekta hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu alimwambia pole kila aliyekutana naye: aliyeibiwa, aliyeiba, hata kiti kilichomgonga goti. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ni mwanamke mpole, na baadhi yao walikuwa bado gerezani wakilifikiria kosa hilo.

"Nataka kujua kaenda wapi," alisema Inspekta.

"Kwa hawara. Hilo si kosa la jinai."

"Hawara gani? Jina hatuna, sura hatuna."

"Ndiyo maana anaitwa hawara." Mkuu alijichekesha mwenyewe, kisha akakunja uso. "Jioni nalifunga. Nina gari moja na wizi wa pikipiki kila kona."

Nje, kwenye benchi la ubao, alikuwa ameketi mdogo wa yule aliyepotea. Alikuwa fundi cherehani. Alikuja kituoni kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, na sindano bado zimechomekwa kwenye kola ya blauzi. Alimwona Inspekta akasimama.

"Wanafunga, siyo?"

"Jioni."

"Afande, dada yangu hajatoroka. Angetoroka angeniambia. Sisi tunaambiana hata ndoto. Wakifunga, ni nani atakayemtafuta? Mimi na cherehani yangu?"

Inspekta hakuwa mtu wa kutunga jibu ili kumfurahisha mtu. Alimwambia pole, akapanda gari.

Mfamasia alimpokea mlangoni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono inanukia sabuni ya dukani kwake. Jikoni alimwonyesha kopo la sukari kwa mara ya pili, ingawa hakuombwa.

"Nilikuwa natia sukari kwenye chai, Afande, kijiko kikagonga kitu. Nikachimba. Nikakuta pete ya ndoa. Nguvu ziliniishia palepale, nikakaa chini kwenye sakafu."

"Pole. Kwa nini kwenye sukari? Si angeiacha mezani?"

Mfamasia alishusha pumzi, akaenda chumbani na kurudi na kitabu. Jaladani palikuwa na mwanamume mwenye koti refu, bastola mkono mmoja na mwanamke mkono wa pili. Juu, kwa herufi nyekundu: *Busu Kabla ya Mpaka*.

"Hiki ndicho kilichomharibu. Riwaya za majasusi, Afande. Mapenzi na risasi. Kila Jumamosi yuko saluni na wenzake wanasoma. Humu ndani mke wa mhandisi anampenda jasusi. Mwisho wake anaivua pete, anaifukia kwenye kopo la sukari, anapanda basi la jioni na kumfuata. Basi. Kafanya hivyohivyo."

"Wewe umekisoma?"

"Mimi? Upuuzi huu?" Alicheka kidogo kupitia puani. "Alinisimulia mwenyewe. Mara ngapi, kitandani, mpaka nikaukariri huo mwisho. Nakwambia alikuwa hana hili wala lile isipokuwa kitabu hiki."

"Kitabu chake?"

"Chake. Alikisoma na kukirudia." Akasita kama anayeona haya. "Kama mnatafuta mwanamume, mimi simsingizii mtu. Lakini yule wa kibanda cha vitabu, ndiye aliyekuwa akimchagulia vya kusoma. Na tangu mke wangu aondoke, kibanda kimefungwa."

Hilo Inspekta alilijua tayari. Kibanda alikipita juzi na kukuta kufuli. Akaomba kitabu, akapewa, akaondoka.

Alikisoma ofisini kwake, mlango umerudishwa, na ukweli lazima usemwe: alianza kwa dharau. Jasusi wa kitabuni alikuwa na macho ya huzuni na risasi zisizokwisha. Kila alipofukuzwa na maadui alipata nafasi ya kumshika mwanamke kidevu. Inspekta, aliyewahi kufukuza watu na kufukuzwa, alijua kwamba mtu anayekimbia hashiki kidevu cha yeyote. Anashika mbavu zake. Lakini mke wa mhandisi alipofungua mlango na kumkuta jasusi akivuja damu kwenye ngazi, huku viatu vya mumewe vikisikika vikipanda, simu ya mezani iliita na Inspekta akaiacha iite.

Alipofika katikati alikwama. Karatasi mbili zilikuwa zimeshikana kwa juu; kisu cha kiwandani kilikuwa kimezikosa. Alizichana kwa rula. Mbele kidogo akakuta nyingine zimeshikana, akazichana nazo. Aliendelea hivyo, akisoma na kuchana, roho juu, hata akafika sura ya mwisho. Hapo kitabu kilifunguka chenyewe na kulala chali. Karatasi zake zilikuwa zimelegea, na pembe ya ukurasa wenye kopo la sukari ilikuwa na alama ya kukunjwa.

Inspekta alizitazama zile kingo alizozichana kwa mkono wake. Kisha akachukua mkoba.

Saluni ilikuwa na viti vitatu, kioo kimoja kirefu na harufu ya mafuta na nywele zilizoungua. Msusi, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, alimsogezea kigoda bila kuacha kichwa alichokuwa akikisuka. Ndiyo, walikuwa wakisoma Jumamosi. Ndiyo, mke wa mfamasia ndiye aliyekuwa msomaji.

"Ana sauti tatu yule," alisema msusi. "Ya jasusi, ya mwanamke, na ya adui. Akisoma ya adui hata mimi namvuta mteja nywele kwa hofu. Wengine humu walikuwa wanasukwa upya wakati nywele bado nzuri, ili tu wasikie kilichoendelea."

"*Busu Kabla ya Mpaka* mlikisoma?"

Mteja aliyekuwa akisukwa aliinua kichwa kwa ghafla, msusi akamrudisha.

"Acha kabisa, Afande! Hicho ndicho tulichomaliza Jumamosi ile, kabla ya..." Msusi alichovya vidole kwenye mafuta. "Tulilia humu, sote. Hata huyu."

"Kiliishaje?"

"Wee! Kwanza majina yanabadilika."

"Yanabadilikaje?"

"Si ni majasusi? Jasusi ana jina moja kwani? Kilipofika kipande cha tatu, jasusi akawa na jina jipya, mwanamke naye akawa na jina jipya. Na mume wake, kumbe siyo mhandisi, ni nahodha wa meli. Muda wote alikuwa anajificha!"

"Mwandishi fundi yule," alidakia mteja. "Hakutuambia kitu. Alituacha tugundue wenyewe."

"Wengine walisema hawaelewi," msusi aliendelea. "Mke wa mfamasia ndiye aliyetufafanulia. Alisema, jamani, kazi ya kijasusi ndivyo ilivyo, ukijua kila kitu na adui naye atajua. Basi, jasusi anakufa kwenye meli. Yule mwanamke anarudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Anavua viatu mlangoni. Mume anamwona, hamwulizi alikuwa wapi. Anainuka tu, anabandika maji jikoni ili aoge ya moto. Mwisho."

"Na pete?"

Msusi alimtazama kupitia kwenye kioo. "Pete gani?"

"Pete kwenye kopo la sukari."

Wale wawili walitazamana. Wateja wengine wawili waliokuwa wakingoja walitingisha vichwa. Hapakuwa na pete, walisema, wala sukari. Mmoja alikumbuka chumvi, lakini hiyo ilikuwa ya kitabu cha kabla ya hicho.

"Nani mwenye hicho kipande cha tatu?"

"Kilirudishwa kwa Jalada, yule wa kibanda cha vitabu. Vitabu vyote ni vya kukodi."

Jalada alipatikana chumbani kwake, nyuma ya kibanda kilichofungwa, katikati ya marundo ya riwaya. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, vidole vyake vimekauka gundi. Kazi yake mtaa mzima uliijua: alinunua riwaya, akaikata vipande vitatu kwa kisu cha ngozi, kila kipande akakishonea jalada la boksi. Hivyo kitabu kimoja kilisomwa na watu watatu kwa wakati mmoja, na aliyemaliza kipande cha kwanza alikuwa tayari kumpigia magoti mwenye cha pili.

"Umefunga kibanda," alisema Inspekta.

"Naumwa."

"Pole. Unaumwa nini?"

Jalada alifikiri kwa muda mrefu mno kwa mtu anayeumwa. "Mgongo."

"Watu wanasema mke wa mfamasia ni wako."

"Ndiyo maana naumwa!" Alisema hivyo kwa uchungu kiasi kwamba Inspekta alilazimika kutazama pembeni asitabasamu. "Afande, mimi naongea na wanawake kupitia dirisha la kibanda. Nikitoka nje ya dirisha sina neno."

"Nipe *Busu Kabla ya Mpaka*. Kipande cha tatu."

Jalada alisema kimekodishwa. Kisha akasema kimepotea. Kisha akasema kiliingia maji. Inspekta aliketi juu ya rundo la riwaya, akakunja mikono, akangoja. Alikuwa na kipaji cha kungoja. Wanaume wagumu kuliko Jalada walikuwa wamelainika mbele ya ile mikono iliyokunjwa.

"Nilikosea," alisema Jalada mwishowe, akatoa kipande kutoka chini ya godoro. "Nilivikata siku moja, viwili vya mwandishi yuleyule. Karatasi zilezile, herufi zilezile. Mwisho wa kile kingine, cha nahodha, nikaushonea kwenye hiki. Niligundua wakati saluni wameshamaliza."

"Na namba za kurasa? Hakuna aliyeona hazifuatani?"

"Afande, jasusi ana bastola kisogoni, nani atatazama namba za kurasa?"

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia vipi? Walikuja hapa wananishukuru, macho mekundu. Mke wa mfamasia ndiye aliyekileta. Alisema hajawahi kusoma mwisho mzuri kama huo. Akaniomba nimtafutie kingine cha mwandishi huyohuyo. Nikaona nikisema nitamharibia." Alijifuta gundi kwenye suruali. "Halafu nikasikia katoweka. Nikajiambia, Mungu wangu, nimemfunza mtoto wa watu mambo ambayo hayamo kitabuni."

"Ulimfunza arudi nyumbani," alisema Inspekta. "Mwisho wa kweli aliujua?"

"Angeujulia wapi? Kitabu kizima mimi sina, nimekikata. Na kama angekuwa nacho kwake, kwa nini akodi vipande kwangu?"

Inspekta alikifunga kile kipande kwenye gazeti. Kwa kweli alikuwa amekuja akiwa na neno moja tu la kumwuliza Jalada, kama mke wa mfamasia alikuwa na kitabu kizima chake mwenyewe, na Jalada alikuwa amelijibu bila kusukumwa.

Mfamasia aliletwa kituoni alasiri. Hakuletwa kwa pingu. Aliombwa aje kukamilisha maelezo ili faili lifungwe, naye alikuja upesi, shati limebadilishwa. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililotazama uani. Sajini aliketi pembeni na kalamu.

"Ni machache tu," alisema Inspekta. "Pole kwa usumbufu. Ule mwisho wa kitabu, nisimulie tena, Sajini aandike."

Alisimulia. Pete, kopo, basi la jioni.

"Na wewe hukukisoma."

"Nimekwambia, sisomi mambo hayo."

"Alikusimulia mkeo."

"Mara nyingi."

"Kwa kitabu hiki hiki." Inspekta aliweka mezani kile alichopewa.

"Hicho hicho. Alikisoma mpaka basi."

"Alikisoma chote?"

"Mara mbili, tatu."

Sajini aliandika. Inspekta alifungua kitabu katikati, akakisogeza mbele ya mfamasia.

"Tazama kingo hizi. Karatasi zilikuwa zimeshikana. Nimezichana mimi, kwa rula, leo. Kurasa nne sehemu moja, nne sehemu nyingine. Sasa niambie, mkeo alisomaje ndani ya karatasi zilizofungwa? Alichungulia?"

Mfamasia alizipapasa zile kingo. "Labda alikuwa na kingine."

"Labda. Alikuwa nacho kweli, na ndicho hiki." Akafungua gazeti, akaweka kile kipande chenye jalada la boksi. "Cha kukodi. Alikisoma kwa sauti saluni, mbele ya watu. Hiki hakina pete. Hakina sukari. Jalada alikosea, akashonea mwisho wa kitabu kingine. Saluni nzima inaujua huo, na mkeo ndiye aliyewafafanulia. Kwa hiyo hakuna namna, Bwana Mfamasia, ambayo mkeo angekusimulia kopo la sukari. Hakuwahi kulisikia."

Uani mtu alikuwa akiosha gari. Maji yalisikika yakimwagika kwenye saruji.

"Aliyefukia pete alisoma kitabu kizima kilichonunuliwa dukani," alisema Inspekta, bila kupandisha sauti. "Tena hakukisoma kizima. Alisoma mwisho tu. Alitaka kujua mwanamke wa aina hiyo anaondokaje."

Mfamasia alikuwa akikitazama kile kipande cha boksi. Alinyoosha kidole kama anayetaka kukigusa, kisha akakirudisha.

"Kwao kiliishaje?" aliuliza.

Sajini aliacha kuandika.

"Anarudi nyumbani," alisema Inspekta. "Kwenye mvua. Mumewe hamwulizi kitu. Anambandikia maji ya kuoga."

Uso wa mfamasia, ambao tangu asubuhi ulikuwa umepigwa pasi kama shati, ulianza kukunjamana kuanzia mdomoni.

"Jumamosi ile alirudi amelowa," alisema. "Alikuwa analia na kucheka. Nikamwuliza ulikuwa na nani. Akasema, kumbe na wewe unauliza. Akacheka tena. Nikajua ananicheka mimi." Alikitazama tena kile kipande. "Kumbe alikuwa anasema kitabu."

"Yuko wapi?"

"Niliposoma jalada la nyuma la kitabu, mke anamfuata jasusi, nikadhani..."

"Yuko wapi?"

"Stoo ya duka. Nyuma. Nimesakafia upya."

Inspekta alimwachia Sajini karatasi ya kutia sahihi, akatoka. Mkuu wa Kituo alikuwa kwenye korido, kufuli la kabati mkononi. Aliutazama uso wa Inspekta, akatoa gari bila kuulizwa, na kuwatuma watu wawili wakaazime sululu kwa mafundi wa barabara.

Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi. Alikuwa ameshawaona wale askari wakipita na sululu, na hapakuwa na njia ya kumwambia polepole. Inspekta aliketi karibu naye.

"Hakutoroka," alisema. "Ulisema kweli. Nimethibitisha."

Mdogo mtu aliitikia kwa kichwa, kama mteja anayekubali kipimo. Kisha akaibana mikono katikati ya magoti.

"Nilikuwa nasema hakutoroka ili mumtafute," alisema. "Asubuhi nakuja hapa nasema hivyo. Nikirudi nyumbani naomba iwe ni uongo. Kichwani nilimpa mwanamume, Afande. Mrefu, mcheshi, anapenda kusomewa. Nikawatafutia na mji, wenye baridi kidogo, kwa sababu dada hapendi joto. Nikawatafutia nyumba. Kila usiku nawaongezea kitu. Jana niliwawekea mapazia."

Gari liliwashwa uani.

"Ungewaacha wafunge tu," alisema, na hapo ndipo alipolia.